Tawi nene juu ya paa: likatwe vipi?

Umeuliza kama tawi linaloning'inia juu ya paa likatwe likae sawa na shina, kisha kidonda kipakwe rangi. Yote mawili hapana. Pale tawi linapoungana na shina pana uvimbe kama kola. Hapo ndipo mti hujenga kinga dhidi ya uozo. Ukiukata, kidonda huwa kikubwa na huchelewa kufunga. Ukiacha kisiki kirefu, nacho huoza. Rangi haizuii uozo, hufungia unyevu tu.

Anza nchani: vipande vifupi, kila kimoja kifungwe kamba na kuteremshwa, kisiachwe kidondoke. Sehemu nene iliyobaki ikatwe mara tatu. Kwanza kwa chini, sentimita 30 hivi kutoka shinani, robo hadi theluthi ya unene. Kisha kwa juu, sentimita chache nje ya mkato huo. Ukiruka ule wa chini, tawi huchanika na kuchuna gome la shina. Mwisho ondoa kisiki, nje kidogo ya uvimbe.

Msumeno wa injini juu ya ngazi? Usithubutu. Na ikiwa waya wa umeme uko karibu, usiguse chochote, piga simu shirika la umeme.