Kuponi Huuza Kiti Kitupu, Haiuzi Sahani

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza kama kuponi za punguzo la siku, zile zinazouzwa mtandaoni kwa nusu bei, zinamlipa mfanyabiashara mdogo wa hapa Uganda, au zinamnufaisha mnunuzi na mwenye mtandao peke yao. Jibu langu ni kwamba zinaweza kumlipa mwenye kiti kitupu, lakini mwenye sufuria zinamuumiza. Naomba nafasi nieleze kwa urefu kidogo, maana kazi yangu ni kuweka hesabu za biashara ndogo hapa Kampala na madaftari ya watu hawa hupita mikononi mwangu kila mwisho wa mwezi.

Nianze na mwenye sufuria. Mama mmoja ana mkahawa Old Kampala, chini kidogo ya msikiti mkuu. Anapika pilau ya nyama, sambusa na chai ya maziwa. Sahani yake ya pilau ni shilingi 12,000. Siku moja alijiwa na kijana wa mtandao wa kuponi, nadhifu, ana maneno matamu: weka sahani kwa 6,000, sisi tutakuletea watu, na hiyo 6,000 tugawane nusu kwa nusu. Masikio ya yule mama yalisikia neno "watu". Kwenye daftari kilichoingia ni 3,000. Mchele, nyama, mafuta, vitunguu, bizari na makaa vinakula karibu 7,000 kwa kila sahani, na hapo bado hujagusa pango wala ujira wa anayeosha vyombo. Kwa hiyo kila aliyeingia na kuponi alitoka ameshiba na amebeba 4,000 za mama. Kuponi zilizouzwa zilikuwa 300. Zidisha mwenyewe: shilingi 1,200,000.

Wenye mitandao wana jibu lao, na ni haki lisikilizwe. Wanasema ile si hasara, ni gharama ya tangazo, kwa sababu mteja akishaonja atarudi kwa bei kamili. Basi tulipime jibu hilo. Mwaka 2011 Utpal Dholakia, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Rice kule Texas, alichunguza biashara 324 za Marekani zilizowahi kutoa kuponi za namna hii. Zilizopata faida zilikuwa kama asilimia 55, zilizopata hasara asilimia 27 hivi, na zilizobaki hazikupata wala hazikupoteza. Wanunuzi wa kuponi waliokuwa wapya kabisa walikaribia asilimia 80, na hilo ni jambo zuri. Lakini waliorudi kununua kwa bei kamili walikuwa asilimia 20 tu.

Tuilete hiyo asilimia 20 Old Kampala. Katika watu 300, wanaorudi ni 60. Sahani ya bei kamili inamwachia mama 5,000 kabla ya pango. Ili azibe shimo la 1,200,000 anahitaji kuuza sahani 240, yaani kila mmoja wa wale 60 arudi mara nne, na hapo ndipo atakuwa amefika sifuri. Bado hajapata hata senti ya faida. Sasa jiulize wanunuzi hao wanatoka wapi. Mtandao haujui mtaa. Unauza kwa mtu wa Naalya, wa Kira, wa Entebbe Road. Mtu huyo alipanda boda kuja kula pilau ya 6,000 kwa sababu ni ya 6,000. Umwambie arudi kwa 12,000 na nauli ya boda juu yake, wakati kwao kuna pilau kila kona? Harudi, na wala simlaumu.

Kuna aliyerudi, ndiyo, lakini huyo hakuwa ameondoka. Ijumaa moja baada ya sala nilikuwa pale mkahawani. Akaingia mzee ambaye hula hapo kila Ijumaa, mezani pake palepale karibu na dirisha. Alipomaliza kula hakutoa noti. Alitoa simu, akamwonyesha mama kuponi, akicheka kwa furaha kwamba naye amejua mambo ya kisasa. Mama alicheka naye, angefanya nini? Mzee yule angelipa 12,000 bila kuulizwa. Siku hiyo alileta 3,000, tena zitakazofika baadaye. Hasara ya aina hii haionekani kwenye ripoti ambayo mtandao humtumia mfanyabiashara, kwa sababu ripoti huhesabu vichwa, haiulizi kichwa kipi kingekuja chenyewe.

Biashara hii ilizaliwa hivyohivyo, juu ya chakula. Groupon, mtandao wa kuponi wa Marekani, ilianza Chicago mwaka 2008, na ofa yake ya kwanza ilikuwa pizza mbili kwa bei ya moja kwenye baa iliyokuwa katika jengo lao wenyewe. Ikakua kwa kasi ya ajabu: mwishoni mwa 2010 ilikataa dola bilioni 6 hivi za Google, Novemba 2011 ikaingia soko la hisa, na Februari 2013 mwanzilishi wake Andrew Mason akaondolewa kwenye uongozi, hisa zikiwa zimeporomoka. Nayataja haya kwa sababu vijana wanaokuja na mikataba hapa kwetu hulisema jina hilo kama ushahidi kwamba mpango unafanya kazi. Waulizeni pia kuhusu wafanyabiashara waliokuwa upande wa pili wa mkataba. Mwaka 2011 duka moja la keki karibu na Reading, Uingereza, lilitoa punguzo la asilimia 75 bila kuweka ukomo wa idadi. Watu 8,500 walinunua. Keki ndogo zilizotakiwa zilikuwa 102,000, wakaajiriwa vibarua wa dharura, na faida ya mwaka mzima ikaliwa na ofa moja.

Sasa nije kwa mwenye kiti kitupu, maana sitaki msomaji adhani nasema kuponi ni wizi. Hapana. Kuna saluni ninayoiwekea hesabu Wandegeya. Ijumaa na Jumamosi huwezi kupata pa kukaa. Jumanne asubuhi viti vimepangana havina mtu, wasusi wanachezea simu, redio inaimbia kuta. Pango la Jumanne limeshalipwa. Saa ya Jumanne isiyouzwa haiwekwi akiba ikauzwa Jumamosi. Hapa kuponi ina maana, kwa sababu mteja wa ziada hagharimu nyama kilo moja. Anagharimu maji, sabuni ya nywele, mafuta na umeme wa drai.

Tuchukue huduma ya kuosha, kutibu na kuseti nywele ya shilingi 40,000. Kuponi inaishusha hadi 20,000, mtandao unachukua 10,000, saluni inabaki na 10,000. Vifaa na umeme tuseme 3,000. Zimebaki 7,000 mahali palipokuwa na sifuri. Hadi hapo kila mtu anafurahi, na hapohapo ndipo ugomvi huanza, kwa sababu ya kamisheni ya msusi.

Saluni nyingi za Kampala hazilipi msusi mshahara. Zinampa sehemu ya anachoingiza. Pale Wandegeya ni asilimia 40. Kwa mteja wa kawaida wa huduma hii msusi anapata 16,000. Kwa mteja wa kuponi, ukikokotoa kutoka kwenye ile 10,000, anapata 4,000. Kichwa ni kilekile, mikono ni ileile, saa ni zilezile. Wiki ya kwanza ya ofa nilimwona dada mmoja mteja akiinua simu yake kuonyesha kuponi, na uso wa msusi ukabadilika papo hapo. "Subiri pale, dada." Akaingia mwingine mwenye fedha taslimu, akakaa kitini moja kwa moja. Wa kuponi alisubiri saa nzima na zaidi. Alipokaa aliungua sikio na drai na hakuna aliyemwambia pole. Usiku huo alikuwa ameshaandika mtandaoni kwamba saluni ile ni chafu na ina dharau, na ni kweli alidharauliwa. Iliniuma sana, kwa sababu mwenye saluni alikuwa amelipia dharau hiyo kwa fedha zake.

Mambo haya si ya Wandegeya peke yake. Watafiti watatu wa Marekani, Byers, Mitzenmacher na Zervas, walipitia maoni ya wateja kwenye mtandao wa Yelp wakakuta kwamba wanaotaja Groupon hutoa nyota pungufu kwa takriban asilimia 10 kuliko wengine. Wengine wanasema wateja wa kuponi ni wagumu. Mimi naona sababu moja iko kwenye malipo ya anayewahudumia.

Dawa yake iliwezekana. Mwenye saluni aliwaita wasusi akawapa kiwango maalumu: 5,000 kwa kila kichwa cha kuponi, inalipwa jioni ileile, mtandao uwe umelipa au haujalipa. Mwenye saluni akabaki na 2,000. Kidogo, ndiyo. Lakini msusi akajua kwamba Jumanne atarudi nyumbani na kitu badala ya kurudi mikono mitupu, akaanza kumwambia mteja habari za kucha na mafuta ya nywele, ambavyo havimo kwenye kuponi. Katika ule utafiti wa Dholakia, wanaotumia zaidi ya thamani ya kuponi walikuwa kama asilimia 36. Saluni inapata faida yake kwa hao, na hao hawapatikani kwa msusi aliyenuna.

Wauza bidhaa nitawapitia haraka. Muuza vitenge wa Kikuubo akiniuliza, namwambia asithubutu. Sisi soko letu ni la kupatana. Mteja anasema nipunguzie, muuzaji anashusha kidogo kwa huyu, zaidi kwa yule aliyemzoea, na bei ya mwisho inabaki siri ya wawili. Ukiitangaza nusu bei kwenye simu za mji mzima, kesho hata mteja wa jumla kutoka Arua anaanzia hapo. Na kitenge hakiozi. Kisipouzwa leo kitauzwa Krismasi.

Kuna jambo lingine linalosahaulika: nambari ya simu ya mteja. Anayekulipa kwa Mobile Money kwenye simu yako anakuachia jina na nambari. Kesho unaweza kumwandikia kwamba leo kuna biriani. Anayenunua kuponi anaacha jina na nambari kwa mtandao, na wewe unapata msimbo tu. Wiki ijayo mtandao huohuo unamtumia ofa ya jirani yako. Tangu Facebook ilipofungwa hapa nchini Januari 2021 wafanyabiashara wengi wadogo wamehamia WhatsApp, na pale orodha ya nambari ndiyo duka lenyewe. Yule mama wa pilau sasa anaandika nambari za wateja wake kwa ruhusa yao, anaweka chakula cha siku kwenye status kabla ya saa tano, na anayekula sahani ya tano anapata sambusa na chai bure. Ni desturi ya sokoni tu, ile ya muuza nyanya kukuongezea moja baada ya wewe kulipa. Zawadi inamwendea aliyelipa bei kamili, na gharama yake haifiki 2,000.

Kwa atakayeamua kuponi zinamfaa, namsihi asisaini karatasi kama ilivyoletwa. Nusu kwa nusu si sheria ya Bunge. Hawa wanatafuta biashara za kuweka kwenye ukurasa wao kama wewe unavyotafuta wateja, kwa hiyo patana nao. Ile saluni ilianza na asilimia 50, lakini mkataba mpya unasema 30: mtandao 6,000, saluni 14,000. Kuponi ni 60, si zaidi. Zinatumika Jumanne na Jumatano, kwa kupiga simu kwanza, moja kwa mtu mmoja. Zitauzwa Januari na Februari, wakati wazazi wanahangaika na karo na saluni imelala. Desemba na wiki za Idi hakuna kuponi, kwa sababu wiki hizo hakuna kiti kitupu cha kuuza.

Kipengele kilichotugombanisha zaidi ni siku ya malipo. Groupon yenyewe kule Marekani ilizoea kuwalipa wafanyabiashara kwa awamu ndani ya siku 60. Kampuni iliyotujia ilitaka siku 45. Kwa saluni yenye viti sita, siku 45 ni pango la mwezi na nusu, na fedha zikifika kwenye simu bado kuna ada ya kutoa na kodi ya asilimia 0.5 juu yake. Mwenye saluni alisema wazi kwamba wasusi wake hulipwa jioni, kwa hiyo naye alipwe kila Jumatatu kwa kuponi zilizotumika wiki iliyopita, la sivyo karatasi waondoke nayo. Walikaa siku chache, wakarudi wakakubali.