Nani Aliyeingiza Siasa Uwanjani?

SWALI: Mwalimu, nimesoma kwamba Colin Kaepernick, mchezaji wa San Francisco 49ers katika NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, "alichukua goti wakati wimbo wa taifa wa Marekani ukipigwa, akaingiza siasa michezoni." Je, ni sahihi kusema "alichukua goti", au tuseme "alipiga goti"?

JIBU: Alipiga goti. Kiswahili hupiga goti kama kipigavyo saluti, makofi na hodi. "Kuchukua goti" ni Kiingereza kilichovishwa kanzu, na mimi nikilikuta kwenye rasimu nalifuta. Zingatia pia umoja, goti na si magoti: apigaye magoti huwa anasali au anaomba radhi, na Kaepernick hakufanya lolote kati ya hayo. Agosti 2016 alikuwa akikaa kwenye benchi. Baada ya kuzungumza na Nate Boyer, aliyewahi kuwa mwanajeshi, akaacha kukaa akapiga goti moja, ili aendelee kupinga ukatili wa polisi dhidi ya watu weusi bila kuwavunjia heshima wanajeshi.

Sasa nije kwenye maneno uliyoyapita bila kuyauliza: "akaingiza siasa michezoni." Hayo ndiyo yanayonikera, na nimeyasoma mara nyingi mno.

Siasa ni neno la Kiarabu, lenye asili ya kuongoza na kusimamia mambo. Wazee wetu walisema pia "zungumza naye kwa siasa", yaani kwa upole na utaratibu. Lakini kosa hapa limo kwenye kitenzi. Ukiingiza kitu, maana yake kilikuwa nje. Mwandishi anayeandika "aliingiza siasa" anatuapia kwamba kabla ya goti lile uwanja ulikuwa mtupu, hauna siasa hata chembe. Si kweli!

Tazama fainali za beseboli za Marekani za mwaka 1918, Boston Red Sox na Chicago Cubs. Nchi imo vitani. Katika mapumziko ya awamu ya saba bendi inapiga "The Star-Spangled Banner", na Fred Thomas wa Red Sox, aliyekuwa ametoka kwa ruhusa jeshini, anageukia bendera na kupiga saluti. Wimbo huo haukuwa bado wimbo rasmi wa taifa. Sheria iliupa hadhi hiyo mwaka 1931. Siku hiyo uliletwa mchezoni na vita. Kama hiyo si siasa, neno hili tulifute kwenye kamusi.

Au tazama mwaka 2015. Maseneta John McCain na Jeff Flake walitoa ripoti kwamba Wizara ya Ulinzi ilikuwa ikizilipa timu za kulipwa fedha za umma, na baadhi ya mikataba ilihusu kupeperusha bendera kubwa na kuwaenzi wanajeshi mbele ya mashabiki. Kati ya mikataba 122 waliyoichunguza, 72 ilikuwa na mambo ya namna hiyo. Shabiki alisimama, akapiga makofi, akidhani timu yake imefanya hivyo kwa mapenzi. Serikali inalipa, jeshi linatangazwa, na mwandishi wetu anaita "uzalendo". Mchezaji mmoja anapiga goti bila kulipwa senti, anaitwa mwingiza siasa. Huo ni upendeleo, na unapitishwa kwenye kitenzi ambacho msomaji hakikagui.

Siwakatazi watu kuchukia goti lile. Achukiaye na aandike kwamba analichukia, nami nitamsoma kwa heshima. Mei 2018 wenye timu za NFL walipopitisha kanuni ya kuwataka wachezaji walio uwanjani wasimame wimbo unapopigwa, hakikuwa sahihi kichwa cha habari kisemacho "NFL yaondoa siasa uwanjani", kwa kuwa wimbo ulibaki na bendera ilibaki. Andika: "NFL yawataka wachezaji wasimame." Na kwa Kaepernick: "Alipiga goti kupinga ukatili wa polisi."