Mpini mmoja, vichwa vitatu: niliyojifunza kwa kuharibu vyuma

Zana ya kwanza niliyobuni ilikuwa na vichwa saba. Kijembe, reki, uma, mwiko wa kupandikizia, kisu cha palizi, mundu, na kitu kingine chenye ncha ambacho mpaka leo sijui nilikusudia kifanye kazi gani. Nikavitia kwenye mfuko wa turubai, nikapanda daladala kutoka Mwanjelwa hadi Uyole, hapa Mbeya, nikamkabidhi shangazi yangu anayelima karoti, viazi na kabichi. Niliporudi baada ya wiki mbili niliukuta mfuko umetundikwa msumarini kwenye banda la mbuzi. Shangazi alikuwa shambani na kijembe chake kilekile cha zamani.

"Mwanangu," akaniambia baada ya salamu, "hiki kitu chako kinapiga kelele."

Nikadhani ananitania. Nikakichukua, nikapiga udongo mara tatu: kaka, kaka, kaka. Kichwa kilikuwa kinacheza ndani ya mpini. Mchezo wenyewe ni mdogo, labda unene wa kucha, na dukani huwezi kuuona. Lakini chuma kinachocheza kinapeleka mtikisiko kiganjani kila unapopiga, na palizi ya karoti si kupiga mara tatu. Ni kutwa nzima umeinama. Jioni ni malengelenge.

Mwaka huu vijana kadhaa wameniuliza waanzie wapi, kwa kuwa wanataka kutengeneza zana za bustani zenye vichwa vya kubadilisha. Wote wananionyesha michoro ya vichwa. Hakuna hata mmoja aliyenionyesha mchoro wa kiungo, pale kichwa kinapoingia kwenye mpini. Kwangu mimi hapo ndipo kazi yote ilipo. Kijembe kila mtu anajua kukitengeneza, wahunzi wa kwetu walikifua karne nyingi kabla hatujazaliwa. Wanyakyusa walikuwa wakipata majembe yao kwa Wakinga wa kule milimani, na Wakinga hawakuwa na grenda.

Tena ukilitazama vizuri jembe la kale unaona wazee walishalimaliza suala hili. Babu alikuwa nalo moja. Halikuwa na tundu kama majembe ya dukani. Lilikuwa na mkia mrefu uliochongoka, na mkia huo unapita kwenye tundu lililochomwa kwa chuma cha moto katika kirungu cha mpini. Kila ukipiga chini, udongo unausukuma mkia uzidi kuingia, kwa hiyo jembe linajikaza lenyewe kwa kazi. Ukitaka kulitoa unagonga mkia kwa nyuma, linachomoka. Shoka la mtindo huohuo ukilichomoa na kuligeuza robo mzunguko, linakuwa tezo. Hicho ni nini kama si zana ya kubadilisha? Mimi nilikuwa nahangaika na kitu ambacho babu alikiegemeza ukutani.

Sikuuiga moja kwa moja kwa sababu mti una tabia yake. Hapa Mbeya masika mti unavimba, na kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, unasinyaa na kila jembe mtaani linalegea. Ndiyo maana watu huyaloweka majembe usiku kucha kabla ya kwenda shamba. Kwa jembe moja hilo si tatizo, ila kiungo kinachofunguliwa kila mara hakiwezi kutegemea mti. Chuma kiingie kwenye chuma, na mti ubaki kuwa mpini tu.

Kiungo changu cha kwanza, kile cha kelele, kilikuwa bomba la duara ndani ya bomba la duara na bolti ikipita katikati. Usifanye hivyo. Duara ndani ya duara linataka kuzunguka, na ukigonga jiwe kwa pembeni nguvu yote inaangukia kwenye bolti moja. Baada ya mwezi tundu la bolti limekuwa kama yai. Cha pili nilikionea fahari sana: kitufe cha springi kama cha mikongojo ya hospitali, unabonyeza kichwa kinatoka. Mezani kilikuwa kitamu. Shambani udongo wa Uyole, ambao una majivu na changarawe nyepesi za volkano, uliingia kwenye springi siku ya pili na kitufe hakikubonyea tena. Nilikitoa kwa nyundo. Kitu chochote chenye springi ndogo, weka mbali na udongo.

Cha tatu ndicho ninachotumia mpaka sasa. Nachukua skwea paipu, yaani bomba la pembe nne, ya milimita 20, yenye ukuta wa milimita 1.5, kwa hiyo ndani inabaki 17. Mkia wa kichwa ni chuma kizima cha pembe nne cha milimita 16. Kabla ya yote pitisha tupa ndani ya paipu, kwa sababu kuna mshono wa kiwandani unaotuna kwa ndani na utakuzuia. Inabaki nafasi ya milimita moja, na nafasi ya namna hiyo ndiyo iliyokuwa inapiga kelele kwenye kiungo cha kwanza. Dawa yake ni mahali unapoweka bolti. Wengi huiweka katikati ya upande, nayo inausukuma mkia kwenye ukuta mmoja tu. Mimi natoboa kwenye kona ya paipu, nachomelea nati juu ya tundu, na bolti ya milimita 8 inausukuma mkia kwenye kona ya upande wa pili. Hapo mkia unabanwa na kuta mbili kwa pamoja na hauna pa kuchezea. Kwenye kona ya mkia piga kishimo kidogo kwa drili ili ncha ya bolti ikae humo, kichwa kisichomoke ukivuta.

Bolti ya milimita 8 inataka spana namba 13. Shangazi hana spana, na wewe usitegemee mkulima wako anayo. Nachomelea kipande cha nondo chenye urefu wa kidole kwenye kichwa cha bolti, anafunga na kufungua kwa mkono. Kielekee chini, la sivyo kinanasa majani ya viazi.

Kuhusu kuchomelea niseme jambo moja ambalo lilinilaza. Mwanzoni nilitumia vipande vya bomba la maji, vile vyenye mng'ao wa mabati. Nilichomelea mchana kutwa kwenye kibanda kilichofungwa, jioni nikapata baridi na kutetemeka, nikadhani ni malaria. Ilikuwa moshi wa zinki. Kesho yake nilikuwa mzima, lakini sirudii. Kama huna chuma kingine, kwangua zinki yote kwa grenda pale utakapochomelea, ufanyie kazi nje, na upepo utoke nyuma yako.

Sasa chuma cha kichwa. Kila fundi atakwambia springi ya gari, vile vyuma bapa vya chini ya gari, na hasemi uongo. Ni chuma kigumu chenye kaboni nyingi, kinashika makali. Ila springi ya lori ni nene, na kuifua mpaka iwe nyembamba kwa palizi ya karoti ni kazi ya watu wawili na gunia la mkaa. Kosa langu lilikuwa kuichomelea springi kwenye mkia wa chuma laini kisha kuipa kazi siku hiyohiyo. Ilikatika pembeni mwa mshono kama biskuti. Chuma cha namna hii ukikichoma kwa umeme kikiwa baridi, pale palipopata moto panapoa haraka na kuwa kama kioo. Kipashe moto kwanza, ukimaliza kifukie kwenye majivu kipoe polepole. Hata hivyo, nikipata nafasi, naufua mkia kutoka kipande kilekile.

Kukipa ugumu si uchawi. Kipashe moto mpaka sumaku isikishike tena, kitumbukize kwenye oili chafu, si maji, maana maji yanakipasua. Hapo ni kigumu mno na kitavunjika kwenye jiwe. Kisugue king'ae, kirudishe kwenye joto dogo, utazame rangi zikipita: njano ya majani makavu, kahawia, zambarau, buluu. Kisu nakisimamisha kwenye njano iliyokolea. Kijembe nakiacha kifike buluu, kipoteze ugumu kidogo ili kistahimili mawe.

Lakini kama uko Mbeya au Iringa una njia ya mkato ambayo watu wa Dar hawana. Viwanda vya mbao vya Mafinga, vinavyopasua misonobari ya Sao Hill, vinatupa misumeno iliyochoka. Ile ya mkanda ni myembamba, imeshapewa ugumu wake, na kijembe cha palizi kinatoka bila kuwashwa tanuri. Ikate polepole na uichovye majini kila mara. Ukiona ukingo umegeuka buluu umeshaiunguza. Hii siichomelei, nikiri, kwa hiyo naifunga kwenye mkia kwa misumari miwili iliyopondwa vichwa pande zote.

Mpini nautengeneza kwa miti ya miwati ninayoagiza kutoka Njombe, iliyokauka kivulini miezi sita au zaidi. Niliwahi kujaribu mpini wa bomba tupu, imara kabisa, usiooza. Nenda Uyole saa kumi na mbili na nusu asubuhi mwezi wa Juni ukaushike huo mpini, kisha uniambie.

Vichwa saba vikawa vitatu, na sababu si uvivu. Mkono una kazi zake: kuna kuvuta, kuna kuchoma chini, kuna kupiga. Zana ya kuvuta inataka mpini mrefu kiasi na kichwa kilichoinama kuelekea kwako. Ya kuchoma, kama mwiko, inataka mpini mfupi ulionyooka. Ukilazimisha zote zikae kwenye mpini mmoja, zote zitakuwa nusu nusu. Nimebaki na familia moja ya kuvuta: kijembe chembamba, reki ya meno manne ya nondo, na kisu kilichopinda cha kupita katikati ya mistari ya karoti. Kupima urefu wa mpini nilikwenda na tepu shambani nikawapima wanawake watano wakiwa wameinama, tangu kiganja hadi udongo. Mimi ni mrefu na mikono yangu ni mikubwa. Zana niliyoitengenezea mkono wangu ilikuwa haimfai karibu kila mtu anayeipalilia nchi hii.

Vipake vichwa rangi nyekundu, lakini usipake mkia. Kichwa cha rangi ya chuma kikianguka kwenye majani kimekwenda.

Shangazi anazo sasa zana zangu, za bei kamili, maana alikataa kupewa bure tena. Mwezi uliopita nilimuuliza ni kichwa kipi anabadilisha zaidi. Akacheka. Amenunua mipini mitatu, kila mmoja una kichwa chake, na hajafungua bolti hata moja tangu siku ya kwanza, isipokuwa kisu kilipokatika ncha kwenye jiwe. Siku hiyo alikituma kichwa peke yake kwa bodaboda, kimefungwa kwenye kipande cha kanga, nami nikamrudishia jioni kikiwa kimenolewa. Wateja wengine nao ni hivyo hivyo. Wananunua kwa sababu ya kubadilisha, halafu wanachotumia ni kutengeneza. Kwa hiyo nimeacha kuuza seti. Nauza mpini na kichwa kimoja, na vichwa vya akiba navitundika ukutani pale kibandani, vyenye mkia uleule wa milimita 16, mtu aje achague.