Maswali na majibu: Mchicha wako umenyweshwa maji gani?

Nikiloweka mchicha kwenye maji ya chumvi na siki, sumu yote inatoka? (Mama wa watoto watatu, Mbagala)

Hili nimeulizwa kuliko jingine lolote, na jibu halijabadilika: hapana. Maji safi yanayotiririka huondoa udongo, vumbi na sehemu ya dawa ya wadudu iliyobaki juu ya jani. Chumvi na siki huongeza kidogo tu. Lakini madini mazito kama kadimiamu hupandia kwenye mizizi yakakaa ndani ya jani lenyewe, na hapo hata ukiosha mara kumi hutoi kitu. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha vipimo vya mboga za majani zilizolimwa kando ya mito ya Sinza na Msimbazi. Madini ya risasi na kadimiamu waliyakuta humo. Msimbazi unapokea maji ya viwandani, ya machinjioni na ya vyoo vya watu, kisha tunaumwagilia mchicha. Nimesimama bondeni nikaona mafungu yakisuuzwa mtoni kwa maji yaleyale ili yafike sokoni yakiwa yanang'aa. Mama, muulize muuzaji kabla hujaniuliza mimi: huu umelimwa wapi, umenyweshwa maji gani? Akibabaika, nenda genge jingine.

Mboga za supamaketi si ndiyo salama zaidi? (Msomaji, Mikocheni)

Mfuko wa plastiki si kipimo. Waulize na wao shamba liko wapi.

Mboga yenye matundu ya wadudu haina dawa, sivyo? (Msomaji, Morogoro)

Si kweli. Huenda mdudu alikula Jumatatu, mkulima akapuliza Jumanne.

Nalima matembele na chainizi kwenye viroba uani kwangu. Hizi nina hakika nazo, au siyo? (Fundi, Tabata)

Hakika hiyo umeitoa wapi, kaka? Hukuniambia udongo wa viroba ulichotwa wapi. Kama ni kando ya barabara kuu, kumbuka kwamba petroli yenye risasi iliachwa kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006 tu, na risasi haiozi kama jani. Iliyotua ardhini miaka ile bado ipo. Kama ni nyuma ya gereji, pale wanapovunja betri, usiuguse kabisa. Owino Uhuru, Mombasa, wakazi waliingiwa na risasi mwilini kwa sababu ya kiwanda cha kuyeyusha betri, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Fedha hizo haziurudishi ubongo wa mtoto ulioharibika. Mtoto mdogo hufyonza risasi zaidi kuliko mtu mzima, tena ndiye anayecheza kwenye udongo huo na kutia vidole mdomoni.

Basi chukua udongo wa mbali na barabara, changanya na mboji iliyoiva, sogeza viroba mbali na ukuta unaobambuka rangi ya zamani. Makopo ya rangi na madumu ya dawa usipandie. Samadi ya kuku usiitie mbichi. Iache ioze vizuri miezi kadhaa, maana mbichi inabeba vijidudu vya kuharisha.

Nyanya zina unga mweupe, nikizipika si unaisha? (Mama lishe, Ilala)

Dada, osha kwanza, sugua kwa mkono, ndipo upike. Unga huo mara nyingi ni dawa ya ukungu, na mankozebu, iliyo maarufu kwa wakulima wetu, ikipata moto hutoa kemikali nyingine inayodhuru tezi ya shingoni. Moto hausafishi kila kitu. Angalau huo unauona. Dawa zinazopenya ndani ya tunda hazionekani wala hazioshwi, dawa yake ni siku. Kila kibandiko cha kiuatilifu kinaeleza zipite siku ngapi tangu kupuliza hadi kuvuna. Kupuliza jioni na kuchuma alfajiri kwa kuwa bei imepanda ni kumlisha mtu sumu, na sitaliita jina jingine.

Basi tuache mboga? (Wengi)

Hapana! Mtoto asiyekula mboga anaumia pia. Mchicha upikwe. Kwenye kachumbari ndiyo uwe mkali: mayai ya minyoo hung'ang'ania majani, siki haiyaui, moto unayaua. Wakati wa kipindupindu kula kilichopikwa kikiwa bado cha moto.

Mimi nalima bondeni Msimbazi, nasomesha kwa mchicha huo. Unataka tufe njaa? (Mkulima, Kigogo)

Ndugu yangu, sikulaumu wewe. Aliyeelekeza bomba la maji machafu mtoni ndiye wa kubanwa, na serikali inajua mabomba hayo yalipo. Wakati tunawadai hao, punguza majani, ongeza bamia na nyanya chungu, kwa kuwa tunda kwa kawaida hubeba madini machache kuliko jani. Mwagilia shinani, si juu ya majani. Siku chache kabla ya kuvuna, acha kabisa maji ya mto. Mafungu yasuuze kwa maji ya bomba, hata kama ni ya kununua kwa dumu, na mteja akikuuliza maji gani, mwambie ukweli.