Shemeji anauza IST, ninunue?

SWALI: Shikamoo Mzee. Nakaa Kimara Suka, kazi yangu iko Posta. Saa kumi na moja na nusu alfajiri niko barabarani: daladala hadi Kimara Mwisho, kisha basi la mwendokasi. Kwa siku nauli inanila kama 3,000, pamoja na bodaboda ya jioni. Shemeji yangu anauza gari lake, Toyota IST, milioni 11. Hela ninayo, ila ndiyo akiba yangu yote. Mume wangu anasema tuchukue, maana tuna mtoto mdogo na akiumwa usiku tunahangaika. Unanishaurije?
Mama wa mmoja, Kimara

JIBU: Marahaba, binti. Mimi nimeshika usukani wa daladala miaka tisa, Ubungo–Posta, kabla mwendokasi haujaanza mwaka 2016. Baadaye nikanunua gari langu dogo, nikakaa nalo miaka mitano, nikaliuza. Sijalikumbuka sana.

Suka hadi Posta, kwenda na kurudi, weka kilomita 35. Watakwambia IST inakwenda 15 kwa lita. Labda usiku wa manane! Kwa foleni ya asubuhi weka 10. Hiyo ni lita tatu na nusu. Ukihesabu lita kwa 3,000, ni 10,500 kwa siku. Siku 22 za kazi unachoma 231,000, wakati sasa unatumia 66,000. Maegesho ya Posta bado, bima bado. Na barabara zenu za ndani huko Suka nazijua, bushi na shokapu hazikai.

Muda nao huuokoi. Ubungo utapita juu kwa raha, halafu Magomeni utasimama, huku mabasi yanakupita kwenye njia yao. Masika, mto Msimbazi ukifurika pale Jangwani, barabara ikafungwa, basi linageuza na wewe unageuza. Saa kumi na moja na nusu yako iko palepale.

Tena gari la shemeji! Giaboksi ikifa wiki ya pili utamdai nani, kaka wa mumeo? Hata bei ikiwa nzuri, likaguliwe na fundi wako, asiwe wake.

Jambo ambalo watu hawahesabu ni ukoo. Miaka ile mitano nimebeba maharusi, masufuria ya pilau, wagonjwa wa mtaa mzima, na shangazi wa Kibaha kila mwisho wa mwezi. Mafuta? "Tutaonana, baba."

Swali lako hasa ni mtoto, na hapo mumeo ana hoja. Bodaboda na mtoto mchanga usiku, hapana. Lakini tafuta dereva wa bajaji anayelala jirani, mzoeane mchana, umlipe vizuri usiku. Mjukuu wangu alipobanwa na kifua saa nane usiku, wetu alikuja na msuli wake, hakuvaa hata viatu, na tulifika hospitali kabla sijakumbuka kuuliza bei.

Kwa hiyo usinunue sasa. Akiba ikifika mara mbili ya bei ya gari, chukua, ila siku za kazi liache nyumbani, litembee Jumamosi na kliniki. Shemeji akinuna, mwambie ni mimi niliyekataza. Nimetukanwa na abiria miaka tisa, mmoja zaidi hatanitisha.