Kipuri cha kauri si kipuri cha pampu mbele ya forodha

Kazi yangu ni kununua vipuri katika karakana ya pampu hapa Kisumu. Wateja wetu wengi ni viwanda vya sukari, kuanzia Kibos kuelekea Muhoroni. Mara ya kwanza kuagiza ng'ambo mwenyewe nilipata hasara ambayo nisingependa mwenzangu aipate.

Tuliagiza pete nyeupe za alumina, aina ya kauri ngumu, zile zinazosuguana ndani ya sili ya pampu, yaani kifaa kinachozuia pampu isivuje. Invoisi ilisema "vipuri vya pampu", basi. Wakala akazitia chini ya nambari ya ushuru wa forodha 8413.91, penye sehemu za pampu, nami nikaridhika, kwani si za pampu? Mzigo ukazuiliwa. Tukabadilisha nambari, tukalipa tofauti pamoja na gharama ya ghala ya siku 11, na wakati huo wote kiwanda kimoja kilikuwa kimezima pampu ya maji ya miwa katikati ya msimu wa kusaga. Simu za injinia wa pale sijazisahau.

Jibu lilikuwa limeandikwa wazi, ila hakuna aliyenionyesha. Katika kitabu cha nambari hizo za ushuru, mwanzoni mwa Sura ya 84, sura ya mashine, kuna Dokezo la 1(b). Linaziondoa humo mashine za kauri na sehemu za kauri za mashine yoyote, na kuzipeleka Sura ya 69, sura ya kauri. Ukishika kipuri mkononi, kwanza jiulize kimetengenezwa kwa kitu gani. Swali la kitafungwa wapi litafuata.

Ndani ya Sura ya 69, kauri ya kazi za kiufundi huangukia 6909, na hapo ugumu wake ndio unaoamua. Yenye ugumu wa 9 au zaidi kwa kipimo cha Mohs ni 6909.12. Yakuti iko kwenye 9, na alumina safi ni kitu kilekile cha yakuti, rangi tu haina. Zirkonia, kauri nyingine ya viwandani, ni imara sana, haivunjiki ovyo, lakini kwa ugumu haifiki 9, kwa hiyo huenda 6909.19. Kwa macho zote mbili ni nyeupe na laini kama kikombe cha chai, hivyo usikisie. Mwombe muuzaji karatasi ya vipimo vya malighafi kabla hujamlipa.

Matofali ya kuhimili moto ya tanuri la boila ni 6902. Yaliyotengenezwa kwa diatomaiti, ule udongo mweupe unaochimbwa Kariandusi karibu na Gilgil, yana nafasi yao, 6901. Si kila chenye kauri kinabaki Sura ya 69, lakini: vihami vya umeme vya kauri ni 8546.20, na sili nzima iliyokwisha kuunganishwa na springi yake ni 8484.20. Pete ikija peke yake hurudi 6909.

Usiichukulie nambari kama karatasi tu. Tangu Julai 2022 ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki una ngazi nne, asilimia 0, 10, 25 na 35, na VAT ya asilimia 16 hupigwa juu ya thamani ukijumlisha na ushuru wenyewe. Tena forodha wanaweza kukudai vitabu vya shehena hadi miaka 5 baada ya kuingia, kwa hiyo mzigo kupita leo hakumaanishi umemaliza. Ukiwa na shaka, Sheria ya Forodha ya Jumuiya inakuruhusu kuomba uamuzi wa mapema kwa maandishi kabla hujaagiza. Peleka mchoro, karatasi ya vipimo na, ukiweza, sampuli yenyewe.

Siku hizi invoisi zetu husema hivi: "pete za kauri, alumina asilimia 99, ugumu 9 Mohs, za sili ya pampu". Shehena ya mwisho ilitoka bila swali hata moja, na jioni ileile fundi wetu alikuwa akiipangusa pete ya kwanza kwa kitambaa, tayari kuifunga.