Mkuu usichore hiyo grafu ya Nakubali/Nakataa, hesabu waliopotea kwanza

Acha kwanza. Nimeona skripti yako ya Python ya dodoso, umeweka pd.Categorical (ile inayoyapa majibu mpangilio) ukaorodhesha yale majibu matano, kuanzia "Nakataa kabisa" hadi "Nakubali kabisa", chini yake value_counts(normalize=True) ya kutoa asilimia, halafu unasema "imekubali, haina eror, sasa nataka kuipanga na kuipaka rangi". Mkuu, ndo hapohapo niliponyolewa bila maji.

Sisi tulikuwa na dodoso la wakulima wa zabibu, Hombolo na Mpunguzi kule Dodoma, swali la aina yako tu, mkulima anakubali au anakataa kwamba bei anayopewa inamlipa. Vijana waliokusanya data waliandika majibu kwenye simu kila mtu na mkono wake. Mmoja anaandika "Nakataa kabisa", mwingine "nakataa kabisa" kwa herufi ndogo, mwingine anaacha nafasi mwishoni baada ya neno, ile ambayo hata ukikodoa macho kwenye skrini huioni. Kwa binadamu hilo ni jibu lilelile. Kwa pandas, hiyo maktaba ya Python unayochambulia data, ni vitu vitatu, na kama kwenye orodha yako kimo kimoja tu basi hivyo viwili vinageuzwa NaN, yaani pengo lisilo na jibu. Toleo nililokuwa nalo mimi halikuguna hata kidogo. Halafu value_counts usipoiambia kitu inaruka NaN, na seaborn, maktaba ya kuchorea grafu, ukitumia countplot nayo haizichori, kwa hiyo watu wako wanaondoka kimyakimya na hakuna pa kugundulia.

Asilimia ndo uchawi wenyewe sasa. normalize=True inagawanya kwa waliobaki, sio kwa wote uliowahoji, kwa hiyo jumla inakuja 100 safi na wewe unajipongeza. Chukulia ulihoji watu 200, 60 wamegeuka NaN, waliobaki 140 na kati yao 105 wamekubali. Grafu itakwambia 75% wanakubali. Kama wale 60 wote walikuwa wamekataa, ukweli ni 52.5%. Hiyo ni habari nyingine kabisa na mtu anaweza kupanga bajeti juu yake!

Kwetu sisi karibu eneo moja zima kati ya yale mawili lilipotea, maana waliokusanya kule walikuwa wapenzi wa herufi ndogo, na kwa bahati mbaya huko ndo kulikuwa na watu waliochukia bei. Grafu ikatoka nzuri, wakulima wanacheka, nikaipeleka kikaoni. Mzee mmoja mkulima akaitazama weeee, akauliza taratibu, "Mwanangu, hawa mliwahoji wapi?" Ukumbi ulikuwa na AC lakini nilitoka jasho kama niko Bahi saa nane mchana. Ripoti ilishachapwa, kopi za rangi, na gharama ya kurudia ikakatwa kwenye posho yangu. Mpaka leo nikiona kopi ya rangi moyo unashtuka.

Na yule mwalimu wa mtandaoni tuliyemlipa hela yetu! Darasa zima alitumia data ya mfano iliyosafishwa kitambo, kila mstari unakubali, anasema "mnaona, ni rahisi tu". Rahisi kwako! Hakutamka dropna, ile ya kuamua NaN zihesabiwe au zirukwe, hata siku moja. Nilipomtafuta baadaye akanijibu data yangu ndo ilikuwa chafu. Sasa data gani ya kutoka field imewahi kufika ofisini imeoga?

Kwa hiyo fanya hivi, na usiruke mstari:

print(df["jibu"].isna().sum())
df["jibu"] = df["jibu"].str.strip().str.capitalize()
mpangilio = ["Nakataa kabisa", "Nakataa", "Sina uhakika", "Nakubali", "Nakubali kabisa"]
df["jibu"] = pd.Categorical(df["jibu"], categories=mpangilio, ordered=True)
print(df["jibu"].isna().sum())
print(df["jibu"].value_counts(dropna=False).sort_index())

Hizo isna mbili, zinazohesabu NaN kabla na baada, lazima zilingane. Ya pili ikizidi hata kwa mmoja, kuna mtu umemfuta, rudi kwenye data ghafi uangalie unique(), orodha ya majibu yote tofauti yaliyoandikwa, uone kaandikwaje, maana strip haitoi nafasi mbili zilizo katikati ya maneno wala hairekebishi aliyeandika "Nakubari". Wale waliokataa kujibu kweli watabaki NaN na hao ni halali, waandike chini ya grafu ni wangapi.

Mpangilio ulioulizia umeshapatikana hapo kwenye sort_index. Bila ile orodha ungepangiwa kwa alfabeti, "Sina uhakika" anakaa mwisho kabisa baada ya "Nakubali kabisa", kichekesho. Na usije ukatafuta wastani wa haya majibu, hesabu watu tu.

Uliuliza na kitu kingine, rangi kama sikosei, weka yoyote. Ukimaliza leta hapa zile namba mbili za isna, ya kabla na ya baada. Picha ya grafu kaa nayo kwanza.